Misumeno ya mnyororo niliyokatia kuni, kutoka Mufindi hadi Kyela

Kwa miaka tisa sasa riziki yangu imetokana na kuni za mikaratusi. Ninanunua miti iliyosimama kutoka kwa wenye mashamba hapa Mufindi, ninaiangusha, ninaikata magogo ya mita moja moja na kuyapanga kando ya barabara, kisha mnunuzi anakuja na futi kamba yake kuhesabu mita za ujazo. Wanunuzi wangu ni shule za bweni, wachoma matofali, na wakandarasi wanaopeleka kuni kwenye viwanda vya chai, ambako moto wa kukaushia majani hauzimwi wakati wa msimu. Kinacholipwa ni rundo. Siku ambayo msumeno umegoma, vibarua wanne hushinda wamekaa juu ya magogo, na posho yao inabaki palepale.

Vijana wanaotaka kuanza kazi hii huniuliza wanunue chenso gani. Nami kwanza huwauliza mambo mawili: utakatia wapi, na utakata mti gani? Wengi hudhani kwamba ninakwepa kujibu, lakini sikwepi, kwa kuwa maswali hayo mawili, nilipoyapuuza mwenyewe, yaliniulia mashine moja na kunipotezea sehemu kubwa ya msimu.

Msumeno wa kwanza kuushika maishani mwangu ulikuwa Stihl 070 wa mjomba wangu, mpasua mbao wa siku nyingi. Muundo wa mashine hiyo ni wa miaka ya 1960, injini yake ni ya cc 106 hivi na nguvu yake ni kilowati 4.8, na uzito wake unapita kilo 10 kabla hujafunga bamba la kuongozea cheni wala kujaza mafuta. Haizunguki kwa kasi kubwa, ila ikishaingia ndani ya gogo haikatiki pumzi, na ndiyo maana hadi leo ninawaona wapasua mbao wakiipenda. Mjomba aliniazima kwa ajili ya zabuni yangu ya kwanza ya kuni, huku akinionya: "Mjomba, hii ni ya kulala juu ya gogo moja asubuhi mpaka jioni. Ya kutembea nayo siyo hii." Nilimsikia kwa sikio moja. Kupasua mbao ni kusukuma mashine iliyolala juu ya mti, lakini kukata kuni ni kuinama, kukata, kuinuka, kupiga hatua mbili na kuinama tena mara mia tatu kwa siku. Baada ya wiki ya kwanza mgongo wangu ulikuwa umekufa ganzi, na jioni nilishindwa kushika kikombe cha chai bila mkono kutetemeka. Isitoshe, ule wa mjomba haukuwa na breki ya cheni mbele ya mpini, kile kikinga mkono ambacho msumeno ukiruka kuelekea usoni husimamisha cheni kabla haijakufikia. Niliurudisha kwa shukrani.

Wa pili sitautaja kwa chapa kwa sababu haukuwa na chapa ya kweli. Niliuziwa mjini ukiwa na rangi na herufi za kampuni maarufu, kwa bei iliyokuwa chini ya nusu ya bei ya halali, na muuzaji akaniapia kwamba ni ule ule ila umepitia njia ya mkato. Katika wiki ya pili skrubu za ekzosi zililegea, katika wiki ya nne beringi za ndani zikaanza kulia, na fundi alipoufungua alinionyesha silinda iliyochubuka kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Hakukuwa na spea iliyoingia vizuri, kwa sababu ulifanana na ule halisi kwa nje tu. Tangu hapo sinunui mashine kabla ya kuona namba iliyochongwa kwenye mwili wake na kuilinganisha na ya kwenye karatasi, mbele ya fundi ninayemwamini.

Fundi huyo huyo, mzee wa Mafinga, mji wetu wa hapa Mufindi, aliyezeeka na mashine hizi, ndiye aliyenielekeza kununua Stihl MS 381, na ndiye aliyenifundisha jambo ambalo hakuna muuzaji aliyewahi kuniambia. Injini inakula hewa kama inavyokula petroli. Nguvu iliyoandikwa kwenye kijitabu, ambayo kwa MS 381 ni kilowati 3.9 kutoka kwenye injini ya cc 72.2, haihesabiwi kwa hewa nyepesi ya huku kwetu. Mafinga iko juu, zaidi ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na huku hewa ni nyepesi kiasi kwamba injini ya namna hii hupoteza takribani asilimia 3 ya nguvu yake kwa kila mita 300 unazopanda. Ukipiga hesabu utaona kwamba ile 3.9 inabaki 3.2 hivi. Kwa hiyo msumeno wa cc 50, ambao mtu wa Dar es Salaam anaukatia miembe ya uani bila shida, ukiuleta Mufindi na kuutia kwenye mkaratusi wenye kipenyo cha sentimita 60, unakuwa kama punda aliyepewa mzigo wa lori. Ni kwa sababu hii ninawaambia vijana wa huku kwamba kwa kuni nzito waanzie kwenye cc 70. Chini ya hapo mashine itafanya kazi ikiwa imelemewa kila siku, na mashine inayolemewa kila siku haimalizi miaka miwili.

Hewa ikiwa nyepesi, kabureta iliyorekebishwa kwa ajili ya pwani hutoa petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Utaona moshi, plagi itakuwa nyeusi, na mashine itakohoa ukivuta mafuta. Fundi alichukua bisibisi, akaibana kidogo skrubu yenye herufi H, ile inayopima petroli wakati injini iko kwenye kasi kubwa, na chenso yangu ikaanza kuimba. Kwa misimu miwili haikunisumbua hata siku moja. Nilidhani nimemaliza kujifunza.

Msimu wa tatu nilipata kazi Kyela, kule chini kando ya Ziwa Nyasa. Mzee mmoja alikuwa anaondoa miembe mikubwa, mizee, ili apanue shamba lake la kakao, na mchoma matofali wa jirani alitaka kuni zote. Nilipakia mashine kwenye basi, nikapita Makambako, Igawa, Uyole, nikakata kwenda Tukuyu na kuanza ule mteremko ambao koti unalivua Rungwe na shati linakuganda mgongoni ukifika chini. Uwanda wa Kyela uko mita 500 tu hivi kutoka usawa wa bahari. Nilikuwa nimeshuka zaidi ya mita 1,300 kwa siku moja, nami niliwaza joto, mbu na malipo. Kuhusu ile skrubu iliyobanwa kwa ajili ya hewa ya Mafinga sikuwaza hata kidogo.

Siku ya kwanza mashine ilikuwa na kasi ambayo sijawahi kuisikia. Ililia kwa sauti nyembamba, kali, na mimi nikafurahi. Nilimwambia msaidizi wangu kwamba hewa ya ziwani imeipa nguvu. Kumbe kile kilio kilikuwa cha kuomba msaada. Hewa nzito ya Kyela ilikuwa inaingia kwa wingi huku petroli ikiwa imebanwa, na katika injini za mipigo miwili oili inayolainisha pistoni imo ndani ya petroli hiyo hiyo. Petroli ikipungua, oili imepungua, na joto limepanda, vyote kwa wakati mmoja. Siku ya pili, saa nane mchana, nikiwa katikati ya shina la mwembe ambalo mikono yangu miwili haikulizunguka, mashine ilipunguza kasi yenyewe, ikatoa mlio kama wa kisu juu ya sahani, ikazima. Nilivuta kamba ya kuwashia ikagoma kama iliyofungwa kwenye mwamba. Injini ilikuwa imenoki, pistoni imegandia ndani ya silinda.

Mzee mwenye shamba alikuja akasimama kando yangu kimya kwa muda mrefu. "Pole, mwanangu," alisema. "Imekufa?" Nikamjibu kwamba imekufa, na kwamba nimeiua mimi. Hakunigombeza. Aliagiza niletewe ndizi za kupika na samaki, akaniambia kwamba mwembe uliosubiri miaka arobaini unaweza kusubiri mwezi mmoja zaidi.

Kule Mafinga fundi alitoa pistoni na kuniwekea kiganjani. Ilikuwa nyepesi kuliko nilivyodhani. Upande mmoja ulikuwa laini na unang'aa, na bado ulionyesha mistari myembamba ya kiwandani. Upande wa pili, ule unaotazama ekzosi ambako joto ni kali zaidi, ulikuwa umechanika kwa michirizi mirefu ya kijivu kutoka juu hadi chini, na pete ilikuwa imeyeyukia ndani ya mfereji wake hata kucha haikuweza kuitikisa. "Umeiona?" aliniuliza. "Ingekuwa oili umekosea kuchanganya, ingechubuka pande zote. Hii imekwanguka upande wa moto. Umekwenda nayo wapi?" Nilipomtajia Kyela aliweka kitambaa chini, akanitazama. "Kijana, ulinipa habari kwamba unashuka?" Sikuwa nimempa.

Wakati mashine ikisubiri silinda na pistoni mpya nilifanya kazi kwa ubia na kaka mmoja wa Makambako mwenye Husqvarna 372 XP, na baada ya yangu kupona tulikata pamoja msimu mzima, kwa hiyo nilipata kuzilinganisha kwa haki. Ya kwake ni ya cc 70.7 na kilowati 4.1. Kwa mkono, ile 372 ni nyepesi kugeuka na ni hodari wa kupanda kasi, jambo linalopendeza sana unapokata matawi na miti ya unene wa kati, nayo ina namna ya kulitupa nje vumbi kubwa kwa mzunguko wa feni kabla hewa haijafika kwenye chujio, hivyo mwenzangu aliosha chujio mara chache kuliko mimi. Ile 381 yangu ni ya mwendo wa kilimo zaidi: haina haraka, lakini ukiilaza kwenye gogo nene inavuta bila malalamiko. Jioni, tulipohesabu marundo, hatukuwahi kuona tofauti iliyodumu. Aliyekuwa na cheni kali siku hiyo ndiye aliyekuwa na rundo kubwa.

Kilichotutofautisha kweli kilikuwa spea. Klachi ya mmoja wetu ilipokufa ilipatikana siku hiyo hiyo mjini. Ya mwingine ilipandishwa basi kutoka Dar es Salaam. Sitaji ipi ni ya nani, kwa maana jambo hili hubadilika kila duka jipya linapofunguliwa. Ninachokushauri ni kwamba kabla hujatoa fedha, nenda kwenye duka la spea lililo karibu na msitu wako, uulize bei ya pistoni, klachi, sproketi na kamba ya kuwashia za mashine unayoitaka. Wakikujibu "tunaweza kuagiza", hesabu siku za kuagiza kama sehemu ya bei.

Mwaka uliofuata tajiri mmoja wa mbao aliniazima Stihl MS 661 kwa ajili ya vigogo vya mikaratusi ya zamani vilivyopita sentimita 80. Hiyo ni mashine ya cc 91.1 na kilowati 5.4, yenye uzito wa kilo 7 na nusu hivi bila bamba. Nilitaka kuona tofauti kati yake na 381 yangu, basi tulichukua gogo moja la sentimita 60 tukalikata kwa zamu, vipande vitatu kila mmoja. Mashine zote mbili zikiwa na cheni iliyotoka kunolewa, ile kubwa ilimaliza mapema kwa sekunde nane hadi kumi katika kila kipande. Nilivutiwa, nikakata nayo mpaka mchana bila kuinoa. Baada ya chakula tulirudia, yangu ikiwa imenolewa na ile kubwa ikiwa na ubutu wake wa asubuhi. Yangu ilishinda kila kipande, na ile kubwa ilitoa unga mweupe na harufu ya kuungua huku mimi nikiisukuma kwa goti. Cc 19 za ziada zilikuwa zimemezwa na meno 42 ambayo hayakuguswa na tupa.

Kwa hiyo niseme kwa kirefu kuhusu kunoa, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wa kuni wanapopoteza fedha huku wakilaumu injini. Ninachonga mfereji mwembamba juu ya kisiki kwa msumeno wenyewe, ninazima mashine, ninasimamisha bamba ndani ya mfereji na kulikaza kwa kabari. Ninatumia tupa ya mviringo ya milimita 5.2 kwa cheni yangu ya inchi 3/8. Cheni ya ile 070, ambayo ni nene zaidi, inataka ya milimita 5.5. Tupa inasukumwa mbele tu, kutoka ndani ya jino kwenda nje, kwa pembe ya nyuzi 30, mara mbili au tatu kwa kila jino na kwa nguvu ileile. Ukirudi nyuma unainua. Halafu ninaligeuza jino kwenye jua. Jino butu lina mstari mweupe kwenye ukingo, mwembamba kama uzi wa kushonea, kwa kuwa ukingo uliolala unarudisha mwanga. Jino kali halina mstari huo. Ukiuona hata kwenye kona tu, bado hujamaliza.

Mbele ya kila jino kuna kinundu kinachopima jino lizame kiasi gani. Kinatakiwa kiwe chini ya ncha ya jino kwa milimita 0.65, na kadiri jino linavyoisha kwa kunolewa kinundu nacho lazima kipunguzwe kwa tupa bapa. Nimewaona vijana wenye meno makali kabisa wakitoa unga, kwa sababu hawajawahi kugusa vinundu, na nimewaona wengine waliovikata mno hadi mashine inanyakua gogo na kuruka. Mimi ninanoa kila ninapojaza tangi. Ni dakika kumi. Cheni ikiwa sawa, kinachotoka kwenye gogo ni vipande vinene vinavyogonga suruali, si vumbi.

Mkaratusi una tabia yake. Umejaa mvutano ndani, hivyo shina likianguka kwenye mwinuko wa Mufindi, ambako ardhi haina mahali palipo sawa, hubana bamba mara tu unapofika katikati. Soma kwanza upande uliobanwa, uanzie hapo kwa theluthi moja ya unene, kisha umalizie upande ulionyooshwa. Na upasue ukiwa mbichi, maana ukikauka unakuwa kama chuma kilichosukwa. Magogo yaliyoburutwa na ng'ombe au trekta huja na udongo mwekundu ndani ya magamba, na udongo huo unaua cheni kwa dakika moja. Ninapiga magamba kwa panga pale ninapotaka kukata, na kwa kazi hiyo ninafunga cheni yenye meno ya kona ya mviringo, ambayo haina kasi ya ile ya kona kali lakini inavumilia uchafu. Bamba langu ni la inchi 20. Kijana atatamani la 25 kwa sura, ila lina meno 42 ya kunoa badala ya 36, na injini iliyokwisha kuibiwa nguvu na mwinuko haihitaji mzigo huo, kwa kuwa gogo nene unaweza kulikata kutoka pande mbili.

Kuhusu mafuta, lita 5 za petroli zinataka mililita 100 za oili nzuri ya mipigo miwili kwa kipimo cha 1 kwa 50, au mililita 200 ikiwa oili hiyo inataka 1 kwa 25. Pima kwa chupa yenye alama, usipime kwa kifuniko na macho. Kwenye cheni wengi humwaga oili chafu ya magari. Nimeacha, kwa sababu ina vumbi la chuma, inachubua pampu, na inarukia ngozi yako siku nzima. Na vaa kinga za masikio. Mjomba wangu sasa unamsalimia mara tatu ndipo anageuka.

Siku hizi zipo mashine zinazojirekebisha zenyewe: Stihl wana MS 462 na hiyo 661 zenye mfumo wa M-Tronic, na MS 500i inayopulizia petroli bila kabureta, na Husqvarna wana 572 XP yenye AutoTune. Kwa mtu anayepanda Makete leo na kushuka Kyela kesho huu ni msaada wa kweli, na kama ningekuwa na mtaji ningechukua MS 462, yenye kilowati 4.4 kwa kilo 6, cc zilezile za mashine yangu. Ila ikigoma msituni, bisibisi ya fundi wangu haitaisaidia. Inataka mwenye kifaa cha kuisoma. Hapa kwetu mtu huyo bado yuko mbali, kwa hiyo ninaendelea na 381.

Mzee wa Kyela alinipigia juzi. Miembe miwili imebaki. Mara hii nitaipeleka mashine kwa fundi kwanza, na tukifika chini nitafungua skrubu ya H robo mzunguko kabla ya kukata chochote, niivute hadi mwisho bila mzigo na kusikiliza. Nikisikia ule mlio mwembamba, nitafungua zaidi kidogo. Ninachokitaka ni ile sauti nzito inayokatakata kama mtu anayesukutua, ambayo hunyooka mara cheni inapoingia kwenye mti.